Wifi, Mwasumini Wako Nimeukata

Wifi yangu Mwanahawa,

Sijui barua ya namna hii huanzaje. Nikuulize hali? Hali yako anaijua Mola wako, nasi huku tunakuombea kila tunaponyanyua mikono. Basi nianze na langu, maana ndilo lililonikalisha hapa mlango wa uani na kalamu: mwasumini wako nimeukata. Ule mkubwa, ulioupandisha ukutani kwa kamba. Nimeukata ukabaki visiki vya kunifika magotini, na watu wakasema walivyosema.

Najua wewe usingeshtuka. Ungesimama umeshika kiuno, ungetazama, halafu ungeniambia, "Hapo kushoto umeogopa. Kata tena." Lakini hukuwepo wa kuniambia hivyo, wifi. Nilikata peke yangu.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Lindi? Mimi nilikuwa bado bi harusi mgeni katika nyumba hii ya baba yenu, namwonea haya hata mume wangu, mdogo wako Seifu, kumwita jina mbele za watu. Tulikwenda stendi kukupokea. Ndoa yako imevunjika, tukadhani utateremka na makabati na vitanda. Ukateremka na mwanao Rukia mgongoni na kiroba kimoja cha matawi yaliyofungwa vitambaa vibichi. Seifu akauliza, "Dada, vyombo viko wapi?" Ukamjibu, "Vyombo nimemwachia mwenyewe. Hivi ni vyangu." Watu wa stendi wakacheka na wewe ukacheka nao. Mimi nikajisemea moyoni, huyu wifi nitaishi naye vipi?

Uani kwetu wakati huo palikuwa mchanga mtupu. Nikiamka alfajiri nafagia, naacha mistari ya fagio imenyooka, na marehemu mama mkwe akitoka kutawadha ananisifu. Ndiyo ilikuwa fahari yangu. Wewe ukaja na habari ya majani! Nikakwambia uani penye majani ni pa nyumba iliyohamwa. Nikakwambia habari ya nyoka. Ukaniambia, "Nyoka anapenda majani yaliyoachwa, wifi. Haya tutayakata." Tukabishana mpaka mama mkwe akachoka, akachukua kamba ya kuanikia nguo akaugawa ua katikati. Huku kwako, huku kwangu. Kila mtu na chake.

Ulivyoanza, nilidhani una wazimu. Mtu anapanda majani kwa kuchimba kama anachimba msingi? Uliondoa mchanga wa juu wote, ukaagiza udongo mweusi kutoka shambani kwa dada Salma kule Kinjumbi, ule wa chini ya mikorosho uliojaa majani yaliyooza. Ukauchanganya na mchanga kidogo na samadi ya mbuzi, si mbichi, ile iliyokaa mpaka haina harufu. Ukasawazisha kwa ubao, ukamwagilia, halafu hukupanda kitu. Nikakuchungulia siku baada ya siku. Mwisho nikashindwa kujizuia, nikauliza unangoja nini. Ukasema, "Nangoja magugu yajitokeze kwanza. Nikipanda leo, yatakuja kuota katikati ya ukoka, nitayatoaje?" Na kweli yakaota, ukayang'oa na mizizi, ukangoja tena, ukang'oa tena. Ndipo ukaleta ukoka wako, ukaukata pingili fupifupi zenye vifundo, ukachomeka moja moja, kila moja shibiri moja na mwenzake, kifundo kimoja ndani ya udongo na kingine nje. Kwa mbali ilionekana kama umepanda vijiti. Nilicheka, wifi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sikumbuki ukoka ulivuka lini kamba. Ulikuja taratibu, mkono mmoja, mkono mwingine. Nikawa naufagia kama sijauona. Halafu ikawa jua la saa sita likiwaka, Rukia na wanangu wanakimbilia upande wako kwa sababu wangu unaunguza nyayo. Halafu na mimi nikawa nahamishia huko mkeka wangu wa kuchambulia mchele. Mama mkwe aliifungua kamba mwenyewe akaanikia kanga zake.

Niliyoyajua yote ya maua nimeyapata kwako, tukiwa tumekaa pale. Kwamba maji ni asubuhi, chini kwenye shina, na ukimwagilia mwagilia hasa, kisha uyaache majani mpaka yaone kiu kidogo, ndipo mizizi ishuke kutafuta. Kwamba ukoka haukatwi ukabaki mweupe. Unapunguzwa ncha, mara kwa mara, na fyekeo liwe kali, maana butu linachana. Kwamba ndago haing'olewi kwa kuvuta, inafuatwa chini na chuma chembamba mpaka kipatikane kile kipunje chake cheusi. Kwamba ndoo ya rangi iliyopasuka ni chungu kizuri cha waridi, mradi itobolewe chini na kuwekwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa yakatoka chumvi. Kwamba bugenvilia ukiibembeleza kwa maji itakupa majani, ukiibania itakupa maua. Hiyo ya bugenvilia ulikuwa ukiisema ukimtazama Seifu, na yeye alikuwa hajui anasemwa.

Na ulimi wako! Kila ndoo ya kisima ulikuwa unaionja kabla ya kumwagilia. "Leo ina chumvi, hii tuoshee baraza." Nani mwingine katika mji huu wote wa Masoko alikuwa anawaonjea maua yake maji?

Sukari ilipokukamata ule mguu, ukawa huwezi kuchutama. Ukawa unakaa kwenye kiti cha plastiki unanielekeza kwa bakora. Mwaka huo mwasumini haukukatwa. Ulikuwa hospitali mvua zilipoanza, na mimi nilikuwa hospitali na wewe, nani angekumbuka mwasumini? Ulirudi nyumbani, ukauona umepanda mpaka juu ya bati, ukasema tu, "Mwakani." Mvua zikaelekea kwisha, na wewe ukatutoka.

Siku ya maziko watu walijaa uani mpaka ukoka ukalala wote. Walitandika mikeka, wakaweka masufuria, wakamwaga maji. Baada ya watu kutawanyika nilitoka nikauona umepondeka, una alama za visigino. Nilipiga magoti nikawa nauinua kwa vidole, jani kwa jani, kama mtu asiye na akili. Seifu akaja akanishika bega. "Acha, mama Zuhura," aliniambia. "Utainuka wenyewe." Akageuka upesi akaingia ndani.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Kisima kilikuwa chumvi tupu. Nilijaribu kuonja kama wewe, ikabidi nijifunze. Nikawa naweka maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Waridi mbili zilikufa, ile nyekundu na ile ya rangi ya malimao. Nisamehe. Nyingine zimepona. Ukoka ukawa wa manjano lakini nikikwangua kwa kucha shina la chini ni bichi, nikajua upo.

Kisha likaja jambo la furaha. Rukia aliposwa. Kijana ni wa Somanga, fundi wa mashine za boti, mpole, akiongea anatazama viatu vyake. Ungempenda, ungemtania mpaka akimbie. Wazee wakakubaliana ndoa iwe Shaabani, kabla ya mfungo. Rukia akaja kutoka kazini kwake Dar, akakaa na mimi hapa mlangoni. Nikamuuliza anataka nini katika shughuli yake. Nilitegemea atataja nguo, sijui keki. Akasema, "Mkazamjomba, mimi nataka siku ya singo, mkishanisugua na kunipaka manukato, nivae kikuba cha asumini ya mama. Si ya kununua. Ya huu wa ukutani."

Nikainua macho nikautazama. Wifi, ulikuwa mti mzee. Shina gumu kama mkono wa jembe, majani yamesongamana juu ya bati, na maua... niliyaona mawili, juu kabisa, ambako hata ngazi haifiki. Nikamwambia, "Inshallah, mwanangu." Akaingia ndani akiwa amefurahi, na mimi nikabaki nayatazama yale maua mawili.

Nilikaa siku kadhaa nikikusikia. "Asumini haitoi ua kwenye kuni, wifi. Inatoa kwenye chipukizi. Mvua ya kwanza ikinukia, kata, usiuonee huruma." Nilijua nini cha kufanya. Lakini uliupanda kwa mkono wako, tawi la kiroba kile. Na kama nikiukata usichipue? Nitamwambia nini Rukia? Nitakwambia nini wewe?

Mvua ya kwanza ilipiga alasiri moja, ndogo, ya kulaza vumbi tu. Kesho yake asubuhi nilinoa panga na mkasi, nikavaa kanga yako ile ya kazi, nikasema bismillahi. Nilianza na matawi yaliyokauka, nikaja yaliyosuguana, mwisho nikalifikia shina. Kila nilipokata nilikata juu kidogo ya kifundo, mshazari, maji yasikae. Nililia mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza ukuta ulikuwa mweupe mtupu, sijauona hivyo tangu niolewe.

Bahati yangu, wifi, siku hiyohiyo akaingia dada yenu Salma kutoka Kinjumbi, na korosho za Rukia kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Alikuwa anatazama rundo la matawi chini. Akaweka korosho zake barazani polepole, akasema, "Mama Zuhura, nani amekufundisha ukatili huu? Mtu hajamaliza mwaka kaburini, umeshamfyeka na ukutani?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya chipukizi, ya kikuba. Akasema, "Maneno ya kuficha hayo. Wifi ni wifi." Akalia kwa sauti, majirani wakachungulia. Kufika jioni pale sokoni walikuwa wanajua mke wa Seifu amekata maua ya marehemu kwa kijicho. Mama mmoja mwuza nazi aliniuliza usoni kama ni kweli. Nikamjibu ni kweli nimekata, hayo mengine amuulize aliyemwambia.

Na Seifu? Nilidhani atanitetea. Akaja na lake. Akasema kwa kuwa sasa maua yamekatwa, na shughuli inakuja, afadhali tuondoe na ukoka tuweke matofali ya pevingi ua mzima. Tenti isimame vizuri, viti visizame, gari la vyakula liingie. Alishazungumza na fundi. Nikamwambia, "Baba Zuhura, ukoka huu haung'olewi." Akasema, "Nyumba ya nani?" Hajawahi kuniambia neno lile, wifi, unamjua. Kisha akasema, akiwa ameupa ua mgongo, "Kila nikifungua mlango huu asubuhi namwona amechutama pale. Nimechoka kumwona."

Nikaelewa. Nikamshika mkono nikamkalisha hapahapa nilipokaa sasa. Nikamwambia, "Mimi nafungua mlango huu kwa ajili ya hilohilo." Asubuhi fundi alipokuja na futi yake, Seifu alimpa chai na mhogo, akamwambia tumeahirisha.

Basi tukabaki mimi na visiki. Niliweka samadi kuzunguka, mbali kidogo na shina kama ulivyonionya, nikafunika kwa majani makavu ya korosho ili udongo usikauke. Kila asubuhi nikitoka naangalia kisiki kabla sijaangalia kitu kingine. Hakuna. Hakuna. Mvua ikaja ya maana, mifereji ikatiririka mpaka barabarani, na bado hakuna. Dada Salma alikuwa amekaa kwetu kusaidia matayarisho. Akipita pale anafunika uso kwa mtandio. Nikaanza kuulizia kimyakimya nani mwingine ana asumini hapa Masoko.

Halafu asubuhi moja nilikuta kitone chekundu pembeni ya kifundo. Kidogo kama kichwa cha kiberiti. Nikadhani mdudu. Nikakipuliza, hakikuondoka.

Wifi, nilipiga kigelegele peke yangu uani. Zuhura mwanangu akatoka mbio na mswaki mdomoni.

Baada ya hapo ukawa kama umetukanwa unajibu. Machipukizi yalitoka kila kifundo. Yalipofika urefu wa kidole nikayafinya ncha, kama ulivyokuwa ukifanya, yagawanyike. Rukia alipoona nayafinya alishika kifua. Nikamwambia, "Mama yako ndivyo alivyofanya." Akaniomba naye afinye machache. Tukasimama pale ukutani, tukifinya, akaniuliza mambo mengi ya ujana wako ambayo nadhani alikuwa anaogopa kuniuliza. Nilimwambia mengi. Mengine nimekuhifadhia.

Wiki ya shughuli vitumba vikaonekana, vya kijani, vimebana. Nikawa navihesabu kwa macho naogopa kuvigusa. Na siku ya singo, baada ya swala ya alasiri, vilikuwa vimekuwa vyeupe na vimevimba, tayari kufunguka magharibi. Nilishika kisahani nikaenda kuchuma. Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni dada Salma. Ameshika sindano na uzi.

Tukakaa kwenye ukoka mimi na yeye, tukatunga. Nilitarajia vitakuwa vingi, lakini mti ndio kwanza unajifufua. Vilitosha kikuba cha Rukia, kinene, na vingine tukachanganya na mrehani, kila mmoja wa mama zake kitumba kimoja tu. Dada Salma aliponitungia changu alinibandika mwenyewe begani, akaminya pini vizuri. Ndipo akasema, "Nilidhani unamwondoa."

Nikamwambia, "Simwondoi, dada."

"Najua. Sasa nimeona." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono uliokuwa na sindano, nikaogopa atajichoma.

Hatukuweka tenti wala viti, wifi. Seifu mwenyewe ndiye aliyesema. Wanawake wote walikaa kwenye mikeka juu ya ukoka, wamevua viatu mlangoni. Rukia alikaa katikati, amesingwa, anang'aa, kikuba kifuani. Magharibi ilipoingia asumini zikafunguka, na harufu yako ikajaa ua. Naiita yako, unisamehe, siwezi kuiita vinginevyo. Watu walikuwa wanaimba, wakasita kuinusa. Hata yule mwuza nazi alikuwepo. Rukia alinitafuta kwa macho katikati ya watu, aliponipata akawa analia na kucheka pamoja. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya naangalia wali.

Nikupe na mabaya usije ukadhani nakuficha. Mtu aliweka jiko la mkaa juu ya ukoka, pametoka duara jeusi karibu na kisima. Sikugombana. Juzi nimekuta Seifu amechutama pale, amekwangua majivu yote, anachomeka pingili. Anaziweka karibukaribu mno, lakini sikumwambia. Alikuwa ananong'ona kitu. Nadhani alikuwa anaongea na wewe, nikarudi nyuma.

Rukia ameondoka jana kwenda kwa mumewe. Amenipigia simu leo asubuhi, sauti ya mke wa mtu. Anasema nyumba waliyopanga kule Somanga ina kiwanja kidogo mbele, mchanga mtupu na vifuu, jua kutwa. Anasema, "Mkazamjomba, hapa panaweza kuota kitu kweli?" Nimemwambia aanze kuchimba, atafute udongo, aangalie maji yana ladha gani, na asipande chochote mpaka nifike.

Basi wifi yangu, ahadi yangu ndiyo hii. Kabla mvua hazijakatika nitapanda basi kwenda Somanga, nikae na mwanao mpaka ukoka wake ushike na tawi moja la mwasumini lisimame. Nitamwambia kila ulichoniambia, na nisichokumbuka nitamwambia sikumbuki. Na kila mvua ya kwanza ikinukia, nitakata. Nikiogopa nitakata hivyohivyo.

Mola akulaze pema, alitie nuru kaburi lako. Hapa kwetu ua uko salama, na mdogo wako anakula. Kwa leo inatosha, wifi. Nikiendelea nitaloanisha karatasi, na bado sijasonga ugali.

Ni mimi wifi yako,
mama Zuhura